Mpira wa Vinyoya Mwisenge

Jumatatu, 4 Agosti 1986
Kikao ofisini. Mkubwa wetu wa michezo, Bwana Boniphace, katangaza kwamba serikali inapunguza wafanyakazi. Afisa ambaye mchezo wake hauonekani kwa watu, jina lake linakwenda kwenye orodha. Jumamosi atakuja Mwisenge kukagua. Lukas, tunayekaa naye chumba kimoja cha ofisi, alitabasamu tu. Yeye ana mpira wa miguu. Kazi gani hiyo! Watu wa Musoma wanazaliwa wanapiga teke.

Mimi nina boksi la mpira wa vinyoya, aliloliacha Mzungu mmoja wa kujitolea. Raketi nne, wavu, vinyoya sita. Nimewaza sana kwa nini nchi nyingine wanaupenda mchezo huu na sisi hatuupendi. Jibu ni rahisi. Wao walipata mtu wa kuwaletea. Sisi tulikuwa hatujampata. Sasa yupo.

Jumanne, 5 Agosti
Mke wangu Dorkas hakufurahi. Aliuliza wanacheza wangapi. Nikasema wanne. Akauliza mji mzima uliobaki unafanyaga nini. Nikasema unapiga makofi kwa adabu. Akarudi kuchambua mchele.

Maelekezo ya ndani ya boksi yanasema nguo ziwe nyeupe. Madukani kitambaa cheupe hakijaonekana sijui tangu lini. Nyumbani kuna shuka moja jeupe. Limetoa kaptula tatu na nusu.

Jumatano, 6 Agosti
Dorkas hasemi na mimi. Ujumbe wake unapitia kwa jirani yetu Gati, muuza dagaa. Leo Gati alitumwa kuja kuniambia kwamba sina akili. Alipofika akaiona raketi, akaishika, akaipunga hewani. Mkono wa kubeba magunia ya dagaa! Nimemsajili hapo hapo. Ujumbe alisahau, akaja kuutoa jioni.

Alhamisi, 7 Agosti
Mazoezi ya kwanza, saa kumi jioni, kiwanja cha kando ya ziwa. Upepo ulikuwepo. Kinyoya cha kwanza kilipanda, kikasita kidogo, kikaondoka juu ya mapaa ya nyumba. Vitatu vingine vikakifuata.

Lukas alikuwa anapita na timu yake. Alinishauri kwa upole nichezeshe asubuhi, upepo ukiwa umetulia, au niombe ghala. Eti Ulaya wanachezea ndani, na ndiyo maana huko umeshamiri. Huku kwetu watu wanachezaga nje, na matambara na kamba vinatosha kutengeneza mpira. Wivu mtupu. Anataka nijifungie ghalani ili mkubwa asinione.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimetafuta vinyoya vilivyopotea. Kimoja nimekikuta kwenye kiota cha kuku wa jirani, kakilalia. Nilinyoosha mkono, akanidonoa. Vinatosha viwili vilivyobaki.

Jumamosi, 9 Agosti
Watu walijaa. Bwana Boniphace, ndani ya suti yake ya Kaunda, alikubali kufungua kwa kucheza na mimi. Nikachagua upande wa ziwa, upepo mgongoni. Nilipiga taratibu, kwa heshima. Kinyoya kikapita juu ya kichwa chake, kikapita watazamaji, kikatua katikati ya ng'ombe waliokuwa wanatoka kunywa maji. Alikifuata mwenyewe. Alirudi nacho, na kiatu kimoja kimebadilika rangi.

Zamu yake, alipiga kwa nguvu zote. Kinyoya kilifika kwenye wavu, kikasimama, kikamrudia usoni. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Gati hakucheka. Alikuwa amechoka kusubiri. Alikiokota, akakifungia matambara na kamba ya gunia mpaka kikawa kama ngumi.

“Sasa hakipeperuki, shemeji,” akaniambia.

Alipokipiga, kikatoboa raketi. Basi akakipiga teke.

Haukupita muda, watu kama thelathini walikuwa wanakikimbiza. Wavu wangu ukawa wa goli. Lukas akaniomba filimbi. Bwana Boniphace akavua koti, akacheza winga ya kushoto, akafunga bao, akabebwa. Mimi nilibaki katikati na raketi yangu, kaptula inapepea. Hakuna aliyeniangalia.

Jumapili, 10 Agosti
Baada ya ibada Bwana Boniphace aliniita. Nilishajiandaa kuachishwa kazi. Kumbe Lukas kanitetea, kasema bila mimi watu wasingekusanyika. Jina langu halimo kwenye orodha. Ila nahamishiwa Bugwema, kusimamia ufyekaji wa uwanja wa mpira wa miguu. Dorkas leo amefungua mdomo, akasema Lukas ni mtu mwema. Nimekubali. Ni mwema, ila haoni mbali.

Mchana mzima nimetafakari kosa lilikuwa wapi. Nimelipata: wachezaji wanne ni wengi mno. Katekista mmoja wa Bunda amenieleza kuhusu mpira wa meza. Wawili tu! Anavyo vifaa, ataniazima. Alinionyesha kimpira chake, nikakiweka kiganjani. Ni chepesi, kama hujashika kitu. Naambiwa Bugwema ni uwanda mtupu, wazi pande zote. Meza nitaiweka katikati, saa kumi jioni, kila mtu aone.