Santuri ya Mzee Mwenye Ndevu

Jumatatu, 2 Oktoba

Kuna kiti kimoja wazi kwenye baraza la wasikilizaji pale maktaba. Aliyekuwa nacho amehamia Ohio kwa binti yake. Nakitaka mimi. Saa mbili nzima kila Alhamisi, watu wazima watupu, kila mmoja kwa zamu analeta albamu aipendayo, ya banjo, ya fidla, ya gitaa kavu, na hakuna anayekuomba umfute makamasi. Charlene Napier naye anakitaka. Charlene hana mtoto. Anasikiliza banjo hata akiwa bafuni. Bi Oleta, mwenyekiti, amesema kila mmoja wetu alete albamu Alhamisi, wao wataamua.

Yangu ninayo. Imetoka kwenye sanduku la marehemu babu yake Rondal, mume wangu. Banjo inakimbia kama kuku aliyeona mwewe. Anaimba msichana, sauti nyembamba kama uzi. Jaladani kuna mzee mwenye ndevu hadi kifuani. Baba yake, nadhani. Sielewi kwa nini hawakumpiga picha mwenyewe.

Coy, kichanga wangu, halali bila hii. Nimeipiga mara arobaini.

Jumanne, 3 Oktoba

Nimempigia Charlene. Nimemwambia, kama dada kwa dada, kwamba Bi Oleta amechoshwa na nyimbo za mbio, alete kitu cha polepole. Akisinzisha watu, mimi nitawaamsha. Ameshukuru sana. Ameshukuru mno, nikifikiria vizuri.

Nimeipangusa gramafoni. Swichi ndogo ya 33 na 45 bado imeganda kwenye 45 tangu binti yangu Tildy aipake jemu mwezi uliopita. Sijui ni ya nini. Santuri inazunguka, yatosha. Tildy ana miaka mitatu na haruhusiwi tena kubeba jemu sebuleni. Akalia. Nimembembeleza, lakini jemu hapati.

Alhamisi, 5 Oktoba

Sijui hata nianzie wapi.

Charlene ametangulia. Mandolini ya mbio, watu wakapiga miguu sakafuni. Polepole yake nimeiona.

Nikasimama mimi. Nimemsifu yule msichana dakika kumi: wepesi wake, furaha yake, vidole vyake. Bi Oleta akaweka sindano kwenye gramafoni ya maktaba. Akatoka mwanamume. Sauti nzito, taratibu, kama lori la makaa likipanda mlima. Nikasema siye huyu. Wote wakatazama jalada, wakatazama ndevu, wakanitazama. Bi Oleta akaniuliza kwa upole, mwanangu, usingizi unapata kweli?

Nikasema santuri imebadilishwa. Nikakumbuka Charlene ndiye aliyenishikia mfuko nikimvua Coy koti. Nikamkazia macho. Akasema kama ni kuiba, yeye angeiba ile yenye msichana. Wakacheka mpaka Coy akaamka.

Uamuzi umeahirishwa wiki moja, nilete santuri yenyewe.

Ijumaa, 6 Oktoba

Nimeipiga nyumbani. Msichana amerudi.

Basi Charlene ameirudisha. Lini? Mfuko nimeulalia. Rondal anasema labda ni uchovu. Nimemwambia uchovu hauna ndevu. Amekwenda kazini kwenye mashine ya mbao bila kumaliza kahawa.

Jumamosi, 7 Oktoba

Mtego. Nimemwalika Charlene chakula cha mchana, maharage na mkate wa mahindi, nikampigia santuri ghafla ili nimwone uso. Hakushtuka. Aliongeza sahani ya pili, akasikiliza, akaniuliza kwa nini namkimbiza mzee wa watu hivyo. Nikasema mzee gani. Akalowesha kitambaa kwa maji ya moto, akasugua jemu, akasukuma swichi hadi 33. Santuri ikapunguza mbio, msichana akazama, akaibuka mwanamume.

Anaimba jinsi alivyovuka kijito na mwanawe mgonjwa mgongoni. Mara arobaini nimeupiga huo wimbo nikikunja nepi. Nimekaa chini, Coy kifuani, mpaka ukaisha.

Kisha nikamwambia Charlene nilijua tangu mwanzo, nilikuwa namjaribu. Akasema, “Nimeona, dada. Umejaribu sana.”

Jumapili, 8 Oktoba

Kanisani sikusikia mahubiri. Charlene akiliambia baraza, kiti sina. Nimempelekea chupa ya siagi ya tofaa, ile ya kupaka mkate. Ameuliza ni ya nini. Nimesema ya bure. Ameipokea bila kuahidi lolote. Huyu mwanamke simwelewi.

Alhamisi, 12 Oktoba

Charlene hakuwaambia habari ya swichi. Niliwaambia mwenyewe, kwa hofu, kabla sijaulizwa. Wakacheka upya. Nikawaomba basi wamsikilize mzee kwa mwendo wake. Kwenye kile kijito Bi Oleta alivua miwani.

Uamuzi: Charlene amepata kiti. Bi Oleta akashangaa nimekunja uso kwa nini. Tangu lini, akauliza, maktaba imepungukiwa viti? Kikaletwa kingine kutoka chumba cha watoto, nikakaa, magoti kidevuni. Mimi ni mwanachama. Sijui nilikuwa nashindana na nani.

Wiki ijayo zamu ni ya albamu ya Bi Oleta, ile aipendayo kuliko zote, na mimi ndiye nitakayeielezea. Gramafoni yangu ilizimika jioni ile Charlene alipoipiga maji ya moto, haiwaki tena. Si neno. Jaladani kuna mwanamke na mbwa, nimeshaandika kurasa mbili. Ile ya kwanza niliisikiliza mara arobaini nikakosea. Hii sitaisikiliza hata mara moja, nitakosea wapi?