Mwizi wa Buti Namba Kumi na Moja

Mwaka wa themanini na moja, kila Ijumaa saa saba mchana, mtaa wote wa Bulapesa, mjini Isiolo, ulikuwa wa mtu mmoja. Wanaume walikuwa msikitini, wanawake walikuwa wakiswali ndani, mbuzi walikuwa kivulini, na Abdinur alikuwa na udhuru. Leo tumbo, juzi mgongo, wiki ile nyingine goti. Sijui mtu huyu aliumbwa na viungo vingapi, lakini kila kimoja kilijua zamu yake ya kuuma Ijumaa.

Saa hiyohiyo ndipo basi la Nairobi lilipopita. Tanboi wake, utingo wa mizigo, hakuwa na subira ya kungoja watu wamalize swala. Alikimbia nyumba hadi nyumba akiweka mizigo milangoni, halafu akalidandia basi likiwa tayari linaondoka kwenda Marsabit. Mizigo ilibaki hapo juani, na hakuna aliyeigusa. Mzigo wa mlangoni ni amana, watu walisema, na walikuwa wamesema hivyo miaka mingi bila kufunga hata kamba.

Abdinur alilitazama boksi lililokuwa mlangoni kwa Umuro mwenye duka. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akalitia kwapani na kuondoka polepole, kama mtu aliyetumwa na mama yake. Bahati mbaya hotuba ya siku hiyo ilikuwa fupi.

"Wewe! Hilo si boksi langu?"

Alikuwa Umuro mwenyewe, kofia kichwani, macho yamemtoka. Hapo jamani mimi na wewe tungetimua mbio. Lakini Abdinur hakuwa mtu wa mbio. Aliketi chini papo hapo, akashika kifua, akaanza kuhema.

"Alhamdulillahi umekuja, Mzee Umuro! Nimemnyang'anya! Alikuwa amefika hapa nalo, walahi. Jitu refu hivi, linachechemea mguu wa kushoto. Lo, singekuwa mgonjwa leo ningelishika shingo!"

Umuro alikuwa mtu wa kupima sukari huku kidole gumba kikipumzika juu ya mizani. Lakini siku hiyo moyo ulimlainika hadi watu wakashangaa. Alimpa Abdinur shati jipya na mguu wa mbuzi, tena wa nyuma. "Na kesho," akasema, "namleta Boru asome nyayo. Huyo mwizi tutamjua."

Abdinur aliuweka chini ule mguu wa mbuzi. Katika mji wa wafugaji unaweza kudanganya kuhusu uso wa mtu, lakini si kuhusu miguu yake. Boru aliwahi kumfuata ngamia mmoja siku nne katikati ya ngamia mia mbili, akamkuta. Basi jioni, watu wakiwa kwenye chai, Abdinur alifungua sanduku la marehemu babu yake, aliyekuwa askari, akatoa buti za jeshi, namba kumi na moja. Yeye huvaa saba. Akazijaza matambara, akabeba mgongoni nusu gunia la mahindi ili ardhi isikie uzito, akatembea kutoka nyuma ya nyumba ya Umuro hadi mtoni huku akiburuta mguu wa kushoto. Kazi ya fundi, hiyo. Mgongo aliokuwa akiusingizia Ijumaa zote sasa ulimuuma kweli.

Asubuhi Boru alichuchumaa, akagusa mchanga, akanusa kidole.

"Mtu mrefu," akasema. "Mguu wa kushoto mbovu. Kilo tisini."

"Nilisema mimi!" akapaza sauti Abdinur, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliona raha ya kuaminiwa na mtaalamu.

Akko Kabale, bibi wa Kiborana aliyekuwa akiuza maziwa ya ngamia, alisimama pale na vibuyu vyake mgongoni. Alizitazama nyayo kwa muda mrefu. Kisha akaenda kuuza maziwa yake.

Tangu hapo mambo yalinoga. Kila Ijumaa mwizi alikuja, na kila Ijumaa Abdinur akamnyang'anya mzigo jasho likimtoka, na kila Ijumaa kukawa na shukrani. Warfa wa malori alimpa redio. Mama Deqa alimpa mbuzi mzima, akiwa hai. Wazee walikutana mbele ya duka la Umuro wakaamua kwa kauli moja: mizigo yote ya basi isiwekwe tena milangoni, ipelekwe chumbani kwa Abdinur, yeye ndiye ataigawa. Walimpa na filimbi. Abdinur alilia machozi. Nakuambia alilia, na nusu ya machozi hayo yalikuwa ya kweli.

Sasa Madina, mjukuu wa Akko Kabale, alikuwa anaolewa Jumapili. Kaka yake aliyekuwa dereva Jeddah alikuwa amemtumia bangili sita za dhahabu na vitambaa vya harusi. Mtaa mzima ulijua, maana Akko Kabale alikuwa ametamka mbele ya wakwe: mjukuu wake hatoki kwake mikono mitupu. Bangili zisipofika, hakuna harusi. Msichana alikuwa hali, halali, kila siku anauliza basi liko wapi.

Basi lilifika Ijumaa. Tanboi akampa Abdinur kifurushi kilichoshonwa kwa gunia jeupe, kizito kwa kukitazama tu. Abdinur alikipima mkononi mara moja. Dhahabu! Nairobi! Duka lake mwenyewe, na kidole gumba chake mwenyewe juu ya mizani! Akakizika kifurushi ndani ya gunia la mahindi, akachana shati alilopewa na Umuro, akajipaka vumbi usoni, akapiga filimbi hadi mashavu yakataka kupasuka.

"Amenishinda!" akalia watu walipofika. "Leo amenishinda, ndugu zangu! Amechukua kifurushi cha Madina!"

Wanawake walipiga yowe. Wanaume wakatawanyika na rungu huku na huko. Madina alianguka chini akazimia, na hapo, niseme ukweli, roho ilimsuta Abdinur kidogo. Akaituliza kwa uji wa maziwa alioletewa na majirani wa kumpa pole.

Jumamosi asubuhi mlango ulibishwa.

"Salaam aleikum," ikasema sauti.

"Aleikum salaam. Nani?"

"Mwizi."

Aliyeingia aliinama mlangoni ili kichwa kisigonge. Mrefu! Kilo tisini, kama si mia. Akachechemea hadi kwenye kitanda cha Abdinur, akakaa, kitanda kikalia.

"Naitwa Ado," akasema. "Natoka Kipsing. Mimi ndiye yule."

"Yule... yule nani?"

"Yule wako. Mrefu, anachechemea. Kwani Isiolo nzima kuna mwingine? Ndugu yangu, tangu uanze maneno yako nimepigwa mawe mara mbili. Nimefukuzwa hotelini chai ikiwa bado mdomoni. Nimenyimwa kazi ya kuchunga ngamia. Wewe umekula mbuzi, mimi nimekula mawe. Sasa nimekuja kuchukua haki yangu."

Abdinur alijaribu kucheka. Sauti ikatoka kama ya kuku. "Sikuelewi, ndugu. Kifurushi kiliibwa."

"Kiliibwa na nani?"

"Na mwizi."

"Mwizi ni mimi, na mimi sina. Basi kiko kwa nani?"

Kuna maswali ambayo mtu mjanja hujibu kwa swali, na mengine kwa kiapo. Hili Abdinur alilijibu kwa biashara.

"Tugawane," akanong'ona. "Nusu kwa nusu. Wewe bangili tatu, mimi tatu."

"Nusu ni ya mtu ambaye hakupigwa mawe. Leta yote. Ama niende msikitini saa hii, nitubu mbele ya watu. Nitalia. Mimi nikianza kulia huwa nasema kila kitu, hata jina la mwenzangu."

Abdinur alitia mkono ndani ya mahindi. Alikitoa kifurushi kama mtu anayeng'olewa jino. Ado akakipokea, akatazama chumbani. Akachukua redio. Akaita mbuzi, naye mbuzi akaja bila kinyongo.

"Na buti zangu."

"Buti zako? Hizo ni za babu yangu!"

"Uliza mtu yeyote Bulapesa. Ni za mwizi."

Akazivaa. Zilimkaa sawasawa. Akaaga kwa adabu, akatoka akichechemea, kifurushi kwapani na mbuzi nyuma. Abdinur alimsindikiza kwa macho hadi kwenye kona, ndipo kitu kikamchoma rohoni. Mtu huyu alikuwa anachechemea mguu wa kulia! Na aliposhika njia ya kwenda Kipsing akasahau kabisa, akatembea vizuri hatua kumi, halafu akakumbuka. Abdinur akafungua mdomo apige kelele za mwizi. Akaufunga. Angemwambia nani?

Adhuhuri ikawa vigelegele. Kifurushi kilikuwa kimeonekana mlangoni kwa Akko Kabale, uzi haujaguswa, kimekaa juani kama zamani. Madina alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, bangili tatu kila mkono. Watu walimjia Abdinur wakamkumbatia: mwizi amemwogopa, amerudisha! Abdinur alipokea pongezi akiwa na uso wa mtu aliyekula pilipili.

Boru alikuwa amechuchumaa barabarani.

"Nyayo mbichi," akasema. "Buti zilezile. Zinaelekea Kipsing. Lakini leo anachechemea kulia."

"Atakuwa amechoka ule wa kushoto," akasema Akko Kabale. Kisha akapaza sauti, na bibi huyu akipaza sauti hata wazee hunyamaza. "Kwani tutakaa tu? Mwizi ametusumbua wiki ngapi! Fuateni nyayo sasa hivi, kabla upepo haujazifuta. Na Abdinur aende mbele. Ndiye pekee anayemjua kwa uso."

"Ndiyo! Abdinur mbele!" wakaitikia watu, na vijana saba wakachukua rungu.

"Akko, mimi ni mgonjwa," akasema Abdinur. "Tumbo. Na kesho ni harusi, pilau..."

Bibi akamvuta kando na kumtia mkononi kibuyu cha maziwa.

"Nilipoona zile nyayo nilishangaa," akamwambia taratibu. "Mtu wa kilo tisini mwenye hatua fupi hivyo! Ngamia wangu wangecheka. Kuna hatua moja tu mtaani mwetu ya urefu huo, nayo hupita kwangu kila siku kukopa maziwa. Ado ni mtoto wa dada yangu, hajawahi kupigwa hata jiwe moja. Redio na mbuzi vimesharudi kwa wenyewe. Sasa chagua: uende na hawa vijana, au nianze kusimulia."

Abdinur akatazama yale marungu saba.

"Naenda, akko."

"Nenda mwanangu. Ukimwona huyo mwizi, msalimie sana."

Walitoka saa nane, jua likiwaka, Boru akiwasomea nyayo. Ado alikuwa amefika na zile buti kwenye mawe, mahali ambapo mchanga unaisha, akazivua, akarudi mjini miguu peku kwa njia nyingine kula pilau ya harusi. Lakini hilo wale tisa hawakulijua. Jumapili, ngoma ikilia Bulapesa, walikuwa mbali kwenye njia ya Kipsing, midomo imekauka, kila kibuyu kitupu. Boru alizunguka yale mawe mara tatu, akachuchumaa, akasimama, akashika kiuno.

"Mimi nimepoteza," akasema, na neno hilo lilimuuma maana hakuwa amelizoea. "Abdinur, wewe ndiye unayemjua. Turudi?"

Abdinur akafikiria Bulapesa. Akamfikiria Akko Kabale, ameketi mlangoni kwake, hana haraka.

"Hapana," akasema, akakaza kamba ya suruali. "Twende mbele. Yuko mbele kidogo tu."