Vitofali vya Shemeji

Jumatatu, 4 Machi
Jamani, mimi nina bahati! Ghalani wananiita Bwana Bahati, na si bure. Wiki iliyopita mrundiko wa maboksi ya vigae ulimwangukia shemeji, kaka wa mke wangu, ukamvunja mguu. Mimi? Nilikuwa nje nanyoosha mgongo. Sikuona hata vumbi! Shemeji maskini aliona. Picha ya ajali inamjia yenyewe, akila, akinyoa ndevu. Leo nimembeba mgongoni hadi zahanati ya kazini. Mzito huyo! Muuguzi kampa mchezo wa kompyuta: vitofali vinashuka, unavigeuza, unavipanga. Nikauliza, mtu kaangukiwa na maboksi, mnampa mengine yamwangukie? Muuguzi hakucheka.

Jumanne, 5 Machi
Nimeelewa. Mimi kitu nikielezwa mara mbili kinaingia. Kwanza unaikumbuka ile picha, kidogo tu. Halafu unacheza kama dakika ishirini, kichwa kinashughulika kuzungusha vitofali, picha inakosa pa kukaa. Haifutiki, kasema muuguzi, ila inapunguza kuja bila hodi. Shemeji anasema tangu jana imemjia mara nne tu. Nilifurahi hadi machozi, nikasingizia vumbi. Tena kapata alama elfu sita! Mimi nishindwe na mtu mwenye plasta? Lakini kompyuta ni ya wagonjwa peke yao. Mpango: kuugua.

Jumatano, 6 Machi
Nimeugua vizuri sana. Nilimwambia muuguzi kwamba na mimi napata picha. Akashangaa, si ulikuwa nje wewe? Nikamjibu ni picha za kuhadithiwa, ndizo kali zaidi. Akataka nieleze kidogo. Nikafumba macho kama msanii. Nikasema mrundiko unainama, watu wawili wameukamata, mmoja huku, mmoja kule, hawaonani. Wa kule anaita, "Shika, ndugu yangu, shika!" Wa huku anaachia kimya.
Kwetu ghalani hilo halifanyiki. Ukitaka kutoka unasema kwanza "naachia", mwenzako aruke. Neno moja. Hata mgeni wa siku moja analijua.
Nilipofumbua macho, shemeji alikuwa ameacha kucheza. Vitofali vyake vimejaa hadi juu.
Alama zangu: mia tatu. Kompyuta mbovu.

Alhamisi, 7 Machi
Shemeji kaniuliza, taratibu, nani alinihadithia. Ile "shika" hajamwambia mtu, hata dada yake. Nikasema ni mchezo umeniingizia. Mitambo hii ina mambo! Akasema mguu utapona, picha inapungua, kinachomkera ni kutojua nani alikuwa upande wa pili. Hataki ugomvi, anataka kujua tu. Akaniomba nimtafutie. Mimi! Nikaahidi, tena kwa mkono kifuani. Jioni nyumbani mke wangu akanisifu mbele ya watu, eti nina moyo. Nikatia sukari kwenye chai mara ya tatu.

Ijumaa, 8 Machi
Leo nilikwenda kumwambia. Kweli nilikwenda! Hata maneno nilikuwa nimeyapanga njiani. Nikamkuta ana alama elfu kumi, anacheka, mara ya kwanza tangu aumie. Kicheko chake kikanimaliza nguvu. Nikasikia mdomo wangu unasema nimeuliza ghala zima, ni kibarua mmoja aliyeacha kazi. Shemeji akanitazama weee, mpaka nikaanza kuhesabu vifungo vya shati lake. Akasema asante, shemeji. Nikainama nimbebe. Akasema hapana, leo atarudi kwa magongo. Nikatembea nyuma yake njia nzima, mgongo mtupu, natoa vichekesho. Hakugeuka.
Kibarua mwenyewe hayupo, nimemtunga. Kesho nitampa jina na kijiji alichotoka, habari ikae sawa.
Na ile bahati ya Jumatatu ni uongo. Sikuwa nje. Nilishika, nikaogopa, nikaachia, sikusema.