Do ya Kengele

Jumatatu, 4 Juni 1979
Mwalimu mkuu, Bwana Kivuva, ameniita ofisini. Kwaya isiposhika nafasi ya kwanza au ya pili kwenye mashindano ya Jumamosi kule Kikima, kipindi cha muziki kitakuwa cha hesabu. Darasa la saba wana mtihani, na hii maneno ya kuimba, amesema, haijapeleka mtoto sekondari. Miaka kumi na miwili nimefundisha muziki! Nikinyang'anywa kipindi hicho, sijui nitaamkia nini asubuhi.

Nimemwambia asijali. Nina sikio ambalo Mungu hakuligawa ovyo. Do, ile sauti ya kuanzia wimbo, naitoa hewani tu. Amevutiwa sana.

Ukweli ni huu. Do naitoa kwenye kengele ya shule, kile kipande cha reli kilicholetwa kutoka Emali. Kiranja, Mbinya wa darasa la saba, anakigonga, nami nafumba macho kama ninayesali, kisha nawapa watoto sauti. Miaka minne hakuna aliyejua.

Jumanne, 5 Juni
Nimeng'amua nikinywa chai. Kikima hakuna kengele yetu!

Jumatano, 6 Juni
Nimejishusha. Nimemwendea Mulei, mwalimu wa muziki wa shule jirani, aniazime kile chuma chake kidogo cha kutafutia sauti. Amejibu kwa upole kwamba amesikia mimi sikihitaji. Upole ule! Umenikera hadi nyumbani.

Ijumaa, 8 Juni
Jana nilimwambia Bwana Kivuva kengele ina ufa, niipeleke kwa fundi. Alinishukuru kwa kujali mali ya shule. Iko ndani ya gunia.

Shule bila kengele ni msiba. Mapumziko yamechukua saa nzima. Bwana Kivuva amezunguka madarasa akipaza sauti mpaka imekauka. Darasa la kwanza hawakujua saa ya kwenda nyumbani, wakaketi tu, maskini. Nimeona aibu. Kidogo.

Jumamosi, 9 Juni
Sijui niandikeje. Shule kumi na moja, uwanja umefurika. Zamu yetu ilipofika, watoto walipanda jukwaani nami nikasema naenda kukohoa. Nyuma ya darasa nikatoa reli, nikaigonga mara moja. Safi kabisa!

Niliporudi, uwanja mzima ulikuwa ukikimbia. Kengele imelia, chakula tayari! Watoto, wazazi, hata waamuzi watatu waliweka kalamu chini wakaelekea kwenye masufuria ya isyo, mahindi na maharagwe. Wanangu wakabaki mbele ya viti vitupu. Nikainua mikono. Wakaimba.

Hawajawahi kuimba hivyo. Nililia, na sioni haya kuandika. Waliotusikia ni wawili tu: Mulei, na Bwana Kivuva, aliyekuwa amesimama kando ya gunia langu.

Waamuzi waliporudi walisema hawatoi alama kwa wimbo wasiousikia, na ratiba hairuhusu kurudia. Mulei alinishika mkono akasema, "Mwalimu Mutunga, hiyo ndiyo kuimba." Kejeli tupu.

Jumatatu, 11 Juni
Muziki umekwisha. Nimetia sahihi barua: sitafundisha wimbo saa za shule. Nimepewa Kilimo. Watoto walipouliza tutaimba lini, nilijifanya natafuta chaki.

Mchana nimewapeleka darasa la saba kuchimba matuta kwenye shamba la shule. Kimya. Majembe yanagonga ovyo, kila mtu na lake. Nimemkumbuka mama, Syombua, na wenzake wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, wakichimbiana matuta mteremko mzima kule Mbooni, wakishusha majembe kwa pamoja na wimbo juu. Nami nikiwa mgongoni mwake. Hapo ndipo muziki uliponiingia.

Barua nimeisoma tena, mara tatu. Inakataza wimbo. Juu ya majembe haisemi kitu. Basi mazito nimeyapanga chini ya mteremko, mepesi juu, mengine safu mbili katikati, kama kwaya. Sauti nne! Machakos kuna maonyesho ya kilimo mwezi ujao. Bwana Kivuva bado hajui, lakini shule nimeshaiandikisha.