Probox kwa Jina la Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Juni 2025

Leo nimeiona! Probox ya rangi ya fedha, kwenye yadi ya Derick, barabara ya Dodoma. Imetoka Japani juzi, haijakanyaga hata mwiba mmoja wa Singida. Nimekaa ndani. Nimeshika usukani. Derick akasema nikishatosheka nishuke, kuna wateja.

Masharti: nusu ya bei natanguliza, nusu nakopeshwa na ofisi ya mikopo iliyo jirani na yadi. Nusu yangu ipo, nimeuza pikipiki. Mke wangu, Damari, anadhani pikipiki iko gereji.

Afisa mikopo anaitwa Rukaiya. Kaingiza namba ya kitambulisho changu kwenye kompyuta. Katazama. Kaita mwenzake, wakatazama wote. Kisha akaniuliza kwa upole kama mikopo yote hii ya simu ni ya mtu mmoja. Nikamweleza kwamba ni ya kuzungusha tu: nilikuwa nakopa huku ili nilipe kule. Akasema kule hakujalipwa. Huku pia.

Kwa kifupi, jina limechafuka. Mimi Urbano, muuza kuku ninayejulikana Mandewa nzima!

Njiani kurudi, jirani yangu Stanley, naye muuza kuku, kanipita na Noah yake. Kapiga honi. Barabara nzima nilikuwepo mimi peke yangu, na nilikuwa pembeni.

Jumatano, 4 Juni

Nimerudi kwa Rukaiya. Nimemwambia aache kompyuta, aje aone biashara kwa macho. Kakubali kuja kesho saa tisa alasiri. Akauliza nina kuku wangapi. Nikasema hawahesabiki.

Ukweli ni kwamba tangu niuze pikipiki sina cha kubebea mzigo. Bandani kabaki jogoo mmoja, naye anakohoa.

Lakini nina mpango! Stanley yuko Kilimatinde msibani mpaka Ijumaa. Mkewe hana roho mbaya. Nimeazima kwake kuku wote kwa siku moja, malipo ni debe la pumba. Damari akauliza mbona nacheka peke yangu. Nikasema ni hali ya hewa.

Alhamisi, 5 Juni

Rukaiya hakuja saa tisa. Kaja saa kumi na mbili kasoro, anaomba radhi, bodaboda iliishiwa mafuta njiani. Haidhuru. Uwanja ulijaa kuku, wanapendeza. Akapiga picha. Akasema kwa kweli hii ni biashara. 

Kisha jua likaanza kuzama. Kuku wa kienyeji, jioni anakwenda kulala kwao, humwambii kitu. Akaanza tetea mmoja mweusi, akatoka getini. Wengine wakafuata bila haraka, kama watu wanaotoka ibadani. Nikamwambia Rukaiya wamezoea kutembea kidogo kabla ya kulala. Nikawakinga kwa ungo. Wakazunguka ungo. Alibaki jogoo wangu, anakohoa.

Rukaiya kawafuata, simu mkononi, mpaka kwa Stanley. Na getini, nani anashuka kwenye Noah? Stanley mwenyewe! Msiba umekwisha mapema.

Wameongea muda mrefu. Rukaiya kasema ofisi inatafuta wateja wa aina hiyo hasa. Stanley anapewa mkopo wa gari la pili. Gari la pili! Kwa mpango wangu mimi! Na pumba hawakurudisha.

Jumapili, 8 Juni

Nimefikiri siku tatu. Ninachohitaji si kuku, ni jina. Nani ninayemjua hajawahi kudaiwa hata chumvi? Mama mkwe. Bibi Scholastika wa Mtinko. Analima alizeti, anauza, anatunza, basi.

Nilipomgusia Damari akaacha kuchambua mboga. Akasema mama yake asiguswe. Akasema jina la mama likipata doa, yeye atarudi Mtinko, na safari hiyo nisihangaike kumfuata. Nimemwelewa kabisa. Nimekwenda Mtinko alipokuwa kwenye mazoezi ya kwaya.

Mkwe si mtu wa kuongea naye fedha uso kwa uso. Nilikaa karibu na mlango, nimetazama ukuta, nimepakata sukari kilo mbili. Nikamwamkia, akaitikia. Nikaueleza ukuta habari zote za gari na ofisi na jina. Kisha akaniuliza kitu kimoja tu.

"Mwanangu, unalipaga?"

"Nalipaga, mama."

Akasema basi atasaini, kwa sababu mume wa binti yake ni mtoto wake. Wala hakuuliza zaidi. Kaniwekea na kuku mmoja wa kwenda naye. Nimeona aibu. Kweli nimeona aibu, mpaka nilipofika stendi.

Jumanne, 17 Juni

Rukaiya kaingiza jina la mkwe kwenye kompyuta, akatabasamu. Sikujua kompyuta inaweza kumfurahisha mtu namna ile. Hakuita mwenzake. Akaagiza soda.

Gari limetoka! Kadi imebaki ofisini, jina ni la mkwe, dhamana ni shamba lake la alizeti, usukani ni wangu. Kwa heshima mkwe alikaa kiti cha nyuma, upande ambao siwezi kumwona hata kwenye kioo. Nilipomfikisha Mtinko, kabla ya kushuka akanipa simu yake na namba ya siri, niwe nalipia marejesho humo, maana macho yake hayasomi tena ujumbe. Akaitaja ile namba kwa sauti, mbele ya abiria wawili niliowapakia njiani. Nilimwambia asifanye hivyo. Akasema sasa amfiche nani, na mimi ndiye mwenye simu?

Nyumbani Damari kauliza gari la nani. Nimemwambia. Kauliza pikipiki iko wapi. Nimemwambia na hilo. Nilijiandaa kwa kelele, lakini kapakua ugali na mlenda, kakaa, akasema mama yake ameniamini, na yeye atakuwa anaangalia. Heri angepiga kelele.

Jumatano, 25 Juni

Biashara inakwenda. Kuku wa Mtinko wanafika mjini asubuhi, pamoja na abiria wawili watatu. Pesa ya rejesho la kwanza imetimia, iko kwenye bahasha, naificha hata nisiione mimi mwenyewe.

Tatizo ni moja. Kila nikiwasha gari, kuna mwanamke wa Kijapani anaongea ndani ya redio. Leo mkwe kapanda kwenda sokoni, nikawasha, yule mwanamke akaongea, mkwe akaitikia marahaba. Akangoja. Akaniuliza huyo binti ni nani, mbona haonekani, na Damari anamfahamu? Abiria walicheka mpaka njia panda. Sikupata pa kuweka uso.

Fundi anasema dawa ni kung'oa redio na kufunga ile yenye kioo kikubwa, inaonyesha mpaka video. Stanley hana hiyo, wala kwenye Noah wala kwenye gari jipya. Nimemwambia fundi asahau. Pesa iliyopo ni ya rejesho, na siigusi. Mimi si yule wa zamani.

Jumamosi, 28 Juni

Redio imefungwa! Kioo kama dirisha! Yule mwanamke kanyamaza moja kwa moja.

Na bahasha sikuigusa. Iandikwe hivyo. Ni kwamba asubuhi ujumbe wa kampuni ya simu uliingia kwenye simu ya mkwe: mteja wetu mwaminifu, unastahili mkopo, bila dhamana, bila kusubiri. Mimi hawajaniandikia maneno mazuri hivyo tangu mwaka juzi. Nikawaza sana, kutoka nyumbani mpaka kwa fundi. Kwanza, redio ni kwa ajili ya heshima yake yeye, mkwe hawezi kuwa anasalimiana na mtu asiyemwona. Pili, nitalipa kabla Damari hajajua. Ikipungua kidogo, nakopa mtandao mwingine, nafidia huku.

Nikaweka namba ya siri. Nikabonyeza moja.

"Hongera, Scholastika!" Pesa ikaingia hapohapo, bila kuulizwa swali hata moja. Kumbe jina safi ni raha hivi!