Udongo wa Didia na Udongo wa Kagongwa

Jumatatu, 2 Julai 1984
Miezi minne bila Coletha! Mke wangu alikwenda kwao Ushirombo kumuuguza mama yake. Mama kapona tangu Mei. Mke hajirudishi, lazima mume akamfuate. Lakini nilimwandikia kwamba nitamfuata chumba kikishapakwa rangi. Madukani hapa Shinyanga rangi hakuna, hata ya kunusa. Nimepata udongo mweupe wa Didia. Mzuri! Unaelekea kwenye rangi ya maziwa. Ukuta wa mashariki tayari. Jumamosi nasafiri.

Jumatano, 4 Julai
Balaa! Jirani Pantaleo kapaka chumba chake udongo wa Kagongwa. Unaelekea kwenye mtindi. Kwa nini sikuwaza mtindi? Nimengoja aende kazini, nikaingia na kijiko kukwangua ukuta wake. Kidogo tu, wa kulinganishia. Mkewe, Apolonia, akanikuta. Nikadai natafuta mchwa. Jioni Pantaleo kaja kuniambia udongo ni ule ule, ng'wanawane, mwanangu, kamchukue mkeo. Watu wengine macho wamepewa ya kukwepea mashimo tu.

Ijumaa, 6 Julai
Jana Kagongwa kwa lori la pamba, kurudi na debe zima. Leo nimepaka ukuta wa magharibi. Ulipokuwa mbichi, mbingu na ardhi! Ulipokauka, hata mimi nikapata shida. Nimekaa kitandani tangu saa nane nikigeuza shingo, huku na huku. Upande wa Coletha godoro bado limebonyea. Nimelia kidogo. Vumbi la udongo, nadhani. Safari nimeahirisha. Kesho naenda Didia kuchukua udongo mwingine, nihakikishe.

Jumapili, 8 Julai
Nimelala Didia, wachimbaji walichelewa. Narudi leo, Apolonia ananingoja mlangoni. Coletha alikuja! Jana alasiri! Kajileta mwenyewe, bila kufuatwa, majirani wote wakitazama. Kalala kitandani mwetu peke yake. Asubuhi kasema chumba ni kizuri sana, ila mwenye chumba haelekei kuhitaji mtu wa kukaa naye. Kapanda basi. Hatajileta tena, kasema.

Nimeukumbatia mto wake. Namtaka mke wangu, basi, sina neno jingine.

Nilimuuliza Apolonia jambo moja tu: Coletha aliposema kizuri, alikuwa anatazama ukuta upi? Kaondoka zake. Kesho alfajiri kuna basi la Ushirombo. Sipandi. Nitamfuataje kabla sijajua?