Uzinduzi wa Kituo cha Maji Mekundu, Ushongo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ameshindwa kufika kutokana na majukumu mazito na kwa hiyo mgeni rasmi ni mimi, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye pia ni mimi, Mheshimiwa Mratibu Mkuu wa Mradi, Ndugu Wilfred Laurenti, ambaye kama mlivyokwisha kukisia ndiye anayezungumza (makofi ya watu wawili, mmoja wao dereva), Mzee wetu Abdulghani, mwenyekiti wa kitongoji na mwenye viti hivi tulivyokalia, viongozi wa dini, shekhe kwa dua yake fupi na katekista kwa sala yake iliyokula muda wa wimbo wa mradi, mtaalamu wetu wa mambo ya maji, Bwana Edgar, simama wakuone, haya kaa, Bi Zuwena, kiongozi wa akina mama waokota kombe na chaza, shikamoo mama (Bi Zuwena: "Marahaba. Ile kanga umeikatia nini?"), maswali mwishoni, mama; wageni waalikwa na mliojialika, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Ushongo oyee! (Oyee ya kivivu.)

Ndugu wananchi, nimetoka Raskazone alfajiri, chai nimeiacha nusu kikombe, nimevuka kwa pantoni pale Pangani nikiwa nimefumba macho kwa sababu mimi na maji mengi hatujazoeana, na yote hayo ni kwa ajili yenu. Nilipofika hapa nikakuta mapokezi ambayo tangu nianze utumishi sijayaona, maana ufukwe mzima ulikuwa umejaa samaki, tasi, mikunga, chewa wakubwa kwa wadogo, wamelala kwa mstari kama gwaride, nikamwambia dereva, tazama ukarimu wa watu wa pwani, hata samaki wametoka kutulaki. (Sauti kutoka nyuma: "Wamekufa, Mheshimiwa.") Nimearifiwa kwamba wamekufa. Hata hivyo moyo wa kujitokeza wameuonesha, na mradi unautambua mchango wao.

Tena sikuishia hapo. Nilipofika kwenye njia ya kushukia mwambani nikaona mmeniwekea utepe, na si utepe wa dukani, bali kanga nzima nyekundu, imefungwa kati ya miti miwili, imeandikwa ASIYESIKIA LA MKUU HUVUNJIKA GUU, nikajua kwamba hapa wananchi wananifahamu na cheo changu wanakijua, nikaomba mkasi, nikaikata katikati kwa heshima zote, na kwa kitendo kile kituo chetu kikawa kimezinduliwa. (Minong'ono. Bi Zuwena amesimama.)

(Bi Zuwena: "Ule si utepe, baba. Ile ndiyo marufuku yetu. Nimeifunga kwa mkono wangu siku maji yalipogeuka, leo wiki ya tatu. Kanga nyekundu ikiwa njiani, hapa hashuki mtu mwambani kuokota kitu. Ikiondoka, watu wanajua kumefunguliwa. Sasa umefungua wewe, na maji bado mabaya.")

Asante sana mama kwa mchango huo, tumeupokea, utaingia kwenye kumbukumbu za kikao. Tuendelee.

Sasa niwaeleze kitaalamu, na nitatumia lugha nyepesi ili hata mimi nisipotee. Baharini kuna vijimea vidogo mno, ambavyo kwa macho haya huvioni hata ukivaa miwani miwili, navyo vikipata joto na rutuba vinazaana kwa kasi ya kutisha mpaka maji yanageuka rangi yanakuwa mekundu kama chai ya mkandaa. Mimi ni mtu wa Lushoto, nimelelewa na kabichi, najua mmea ukistawi unamshukuru Mungu, kwa hiyo niliposikia bahari ya Ushongo imeota niliwaandikia barua ya pongezi na nikaambatisha fomu ya maombi ya mbolea. Bwana Edgar ndiye aliyeikamata ile barua mlangoni. Akanieleza kwamba katika vijimea hivyo vimo vyenye sumu, kwamba samaki wanakosa pumzi wanakufa, na kwamba kombe na chaza wao hawafi, wao kazi yao ni kuchuja maji, basi ile sumu wanaiweka tumboni wanatulia nayo, wanamsubiri mlaji. (Sauti za akina mama: "Na kuchemsha hakuiondoi.") Na kuchemsha hakuiondoi, hilo nilikuwa nalo ukurasa wa kumi na moja, msiniharakishe.

Kwa kulitambua hilo, ofisi yangu haikulala. Ilibuni Mradi Jumuishi na Shirikishi wa Uratibu wa Ufuatiliaji wa Vijimea Hatarishi Ukanda wa Kaskazini, ambao jina lake la kifupi bado liko kwenye mchakato. Tumefanya semina elekezi kumi na nne, tisa kati ya hizo zikiwa za kuelekezana namna ya kuandaa semina. Tumefanya upembuzi yakinifu mara tatu, kwa kuwa ule wa kwanza ulipembua lakini haukuyakinisha, na wa pili uliyakinisha mto badala ya bahari. Tumewajengea uwezo wadau wote muhimu, na wale wasio muhimu tumewajengea uelewa, na kwa mujibu wa data tulizozikusanya ofisini wenyewe, uelewa wa wananchi wa Ushongo umepanda hadi asilimia mia moja na ishirini, maana yake kila mmoja wenu sasa anaelewa, na wengine mnaelewa na ya jirani. (Kicheko.) Chekeni, ni haki yenu, mradi ni wenu.

Na matunda yake ndiyo haya. Tuna maabara ya kisasa, iko nyuma ya pazia lile la maua. Tuna hadubini ya kuvikuza vijimea hadi mtu akione kijimea na kijimea kimwone yeye. Tuna boya la kielektroniki lililopakwa rangi ya machungwa, ambalo litasoma joto la maji usiku na mchana na kutuma taarifa moja kwa moja kwenye simu yangu, nami nitaitafakari na kuwajulisha. Msigeuke nyuma. (Watu wamegeuka nyuma.) Nimesema msigeuke, pazia lina upepo.

(Bi Zuwena, amesimama tena: "Mheshimiwa, sisi hatutaki mengi, tunataka neno moja. Haya maji yamepimwa? Kombe tule au tusile? Wiki tatu watu wanalia na kisamvu kitupu, na wale wa kitongoji cha pili wameshaona kanga imekatwa. Watazame kule, wanashuka na vikapu.")

Swali zuri sana, na kiongozi anayejiamini hakwepi swali. Mtu haleti hadubini, boya na pazia halafu awaambie watu wasubiri. Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyopewa na mgeni rasmi, ambaye ni mimi, natamka mbele ya kipaza sauti hiki, na mwenye spika aongeze sauti ifike kitongoji cha pili, kwamba maji ya Ushongo ni salama, kombe ni salama, chaza ni salama, shukeni mkaokote. (Makofi ya dereva. Bi Zuwena anaondoka mkutanoni kuelekea mwambani. Akina mama wote wanasimama na kumfuata.)

Naona mmesimama. Asanteni, asanteni kwa kunipa heshima hiyo ya kusimama, sasa kaeni. Naona hamkai. Naona mnaondoka. Basi, haya ndiyo tunayoyaita mwitikio wa haraka, neno limetoka mdomoni na wananchi tayari wamo kazini, na wale wa kitongoji cha pili nao wamekwisha kufika majini, angalieni vikapu vile, angalieni mwanamke yule aliyeinama tayari. Ningeomba mpiga picha asizipoteze hizi. Kuna viongozi wanahutubia miaka kumi hawajainamisha mtu hata mmoja. Mimi dakika ishirini tu. Nyumbani mama watoto ananiambia, baba fulani, wewe huna unalofanya ofisini, nami leo nitampelekea picha hii aiweke juu ya kabati.

(Bi Zuwena amerudi na akina mama wenzake. Amemshika mkono mwanamke mmoja mwenye kikapu cha kombe, kinachuruzika maji. Wamefika mbele ya meza kuu.)

(Bi Zuwena: "Huyu ni Nasma. Ana watoto wanne, na chungu amekiacha kinachemka kwa sababu ya neno lako. Nimemkataza, amenijibu, Mheshimiwa amesema salama. Mimi nimeishiwa la kumwambia. Kisu hiki hapa. Fungua kombe moja ule, naye ataona, akapike.")

Ala. Mama, kombe nawapenda sana, kombe ni chakula cha heshima, isipokuwa mimi leo nimefunga. (Katekista: "Kwaresima ilikwisha zamani, Mheshimiwa.") Nimefunga ya ziada. Vilevile nina dozi, daktari amenikataza vitu vya kufungua kwa kisu. Vilevile itifaki hairuhusu mwakilishi kula kabla ya mgeni rasmi, na mgeni rasmi naye, kama nilivyoeleza, amefunga. Labda dereva. (Gari la mradi limewaka. Kicheko kirefu.)

Bwana Edgar, njoo hapa. Wewe ndiye mtaalamu, waambie hawa akina mama kipimo kinasemaje.

(Bwana Edgar amemwinamia Mratibu sikioni, lakini kipaza sauti kiko wazi na spika imeongezwa: "Mzee, hatujapima chochote. Ile hadubini ya kuazima haina lenzi. Mama ana haki, huyu dada akienda kupika hao kombe anaweza kuua watoto.")



Ngoja kwanza. Nasma, dada yangu, weka chini hicho kikapu. Siyo hapo mezani, chini, chini kabisa. Karatasi hii ninaiweka pembeni kwa sababu haina ukurasa wa jambo hili. Sikilizeni, nimeogopa. Niliposema salama nilikuwa nasema tu, kama mtu anavyosema karibu huku amefunga mlango, sikujua kwamba kuna mtu anakwenda kupika. Mwenye spika, ongeza tena sauti. Wananchi wa kitongoji cha pili, mimi Wilfred niliyesema mshuke ndiye nasema mpande. Mwageni hao kombe, wote, hata yule mmoja wa kuonja. Tamko langu nimelitengua, na nimelitengua bila kuunda kamati. (Makofi. Huko mwambani vikapu vinamwagwa.)

Hebu subirini, hayo makofi yametoka wapi? Ratiba haina makofi mahali hapa.

Na jambo jingine. Nimeona Mama Dorkasi pale jikoni ameivisha sufuria mbili za wali wa nazi na maharage kwa ajili ya meza kuu. Meza kuu ni mimi, Bwana Edgar na dereva ambaye nadhani amekwisha kufika Pangani. Sufuria moja iende kwa watoto wa Nasma sasa hivi, na ya pili igawiwe kwa walioacha vikapu. Mimi nimefunga, mmenisikia wenyewe. (Vigelegele. Katekista amecheka mpaka akavua miwani.)

Baada ya kusema hayo, nirejee kwenye karatasi, kwa kuwa kauli mbiu zimegharimu semina mbili. Nikisema vijimea, mseme viratibiwe. Vijimea! (Viratibiwe.) Nikisema kombe, mseme wasubiri. Kombe! ("Wasubiri," wameitikia wote, na hii imesikika mpaka ng'ambo.) Hiyo ya pili haimo kwenye karatasi, lakini naona ndiyo imeingia.

Kilichobaki ni shukrani. Namshukuru mwalimu mkuu wa sekondari kwa kutuazima hadubini, irudishwe leo ikiwa katika hali tuliyoipokea, yaani bila lenzi. Namshukuru Mzee Abdulghani kwa pipa lake la maji ya kuogea ambalo tulilipaka rangi ya machungwa likawa boya. Mzee wangu, rangi inatoka ukisugua kwa mchanga. Namshukuru mwenye duka kwa pazia, linaweza kushushwa, na mbuzi aliyefungwa nyuma yake afunguliwe, amevumilia sana kuwa maabara. Kibao cha mradi kisibaki hapa, tafadhali kiwekwe kwenye gari lolote litakalopita, kwa kuwa kesho tunazindua ufugaji wa nyuki kule Mwera na maandishi ya nyuki yako upande wake wa pili.

Na mwisho kabisa nikushukuru wewe, Bi Zuwena. Bwana Edgar ananikumbusha kwamba katika mradi huu wote, tangu semina ya kwanza hadi ya kumi na nne, kifaa kilichokuwa kinafanya kazi kilikuwa kimoja tu, nacho ndicho nilichokikata asubuhi kwa mkasi. Shikamoo tena, mama. (Bi Zuwena: "Marahaba, baba.") Kama kuna mtu ana sindano, ailete. Kipande kimoja nitakishika mimi, cha pili atashika Bwana Edgar, wewe ushone, na hatuondoki hapa mpaka kanga irudi njiani.